Misumari ya Kopo la Chai

Kitendawili. Ndugu wanne wanafukuzana njia nzima, wa nyuma hamkamati wa mbele, na nyumbani wanafika pamoja.

"Magurudumu!" mjukuu wangu alijibu kabla hata sijafunga mdomo. "Tega lingine, Bibi. Hilo hata kuku wako analijua."

"Basi wewe na kuku wangu mmesoma darasa moja," nikamwambia.

Huyo ndiye Chiriku. Jina la shule analo, lakini nyumbani ni Chiriku, kwa sababu anaongea akila, anaongea akipiga mswaki, na nikilala naye chumba kimoja namsikia anaongea usingizini. Vitendawili ndio mchezo wetu. Akishindwa ananipa mji, mimi namtajia jibu. Ameshanipa miji yote aliyofundishwa kwenye jiografia, sasa ananipa ya kubuni.

Alikuja kwetu likizo akiwa na mfuko wa nguo na pakiti ndogo aliyoibeba kama yai. Ndani mlikuwa na kipande cha mbao, magurudumu manne ya plastiki na misumari minne. Shuleni kwao kila mtoto alipewa pakiti kama hiyo atengeneze gari la mbio. Gari halina injini wala halisukumwi. Linawekwa juu ya njia ya mbao iliyoinama, kizuizi kinafunguliwa, linateremka lenyewe. Linalotangulia chini ndilo limeshinda. Mbio zingekuwa Jumamosi ya mwisho ya likizo.

Mtoto alikuwa na bahati, au ndivyo nilivyofikiri, kwa sababu mume wangu ni seremala. Karakana yake imeshikana na jiko langu, ukuta mmoja, dirisha moja katikati. Miaka yote nimepika nikimsikia anapiga randa, na yeye amepiga randa akinusa ninachopika.

"Watu watachonga pua ya ndege, watapaka rangi, watabandika namba," alimwambia Chiriku, mimi nikiwa dirishani na mwiko. "Halafu gari litateremka likikwaruza kama sufuria inayosuguliwa. Mwizi wa mbio kajificha hapa." Akagusa pale msumari unapoingia kwenye gurudumu. "Msumari ndio ekseli, mhimili wa gurudumu. Ukiwa na mkwaruzo, gurudumu linauma, gari linachelewa. Tazama chini ya kichwa cha msumari. Unaona?"

"Kuna kama kovu."

"Kiwandani walipoukata wakauachia kovu. Tunaliondoa kwa tupa, taratibu, usiukate shingo. Kisha msasa. Kisha msasa laini wenye maji. Mwisho kabisa, kamuombe bibi yako dawa ya meno."

"Msumari una meno?"

"Utakuwa nayo meupe kuliko yako."

Wakabana drili ya mkono, ile ya kuzungusha kwa mpini, kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania mezani, msumari ukiwa mdomoni mwa drili. Chiriku akazungusha, babu yake akashika msasa. Baada ya msasa, kitambaa chenye dawa ya meno. Msumari ukatoka uking'aa hadi ungeweza kujitazama. Akamkataza kuugusa tena kwa vidole, maana jasho linaushika. Akakwangua ule weusi wa ndani ya penseli ukawa unga, akautia kwenye tundu la gurudumu, akalizungusha kwa ncha ya kidole. Tukatega masikio.

"Gurudumu zuri halisemi," mume wangu akasema.

"Basi Chiriku hawezi kuwa gurudumu," nikasema, tukacheka sote watatu.

Gari lenyewe walilichonga likafanana na mche wa sabuni uliokwisha nusu kwa kufulia, wakaliita Sabuni. Magurudumu matatu yaligusa chini. La nne fundi alilipandisha kidogo tu, likabaki linaning'inia hewani.

"Sheria inataka magurudumu manne," alisema. "Haijasema yote yaguse chini. Watatu wanafanya kazi, wa nne anasindikiza. Msuguano umepungua."

"Kama baba siku ya kufua," Chiriku akasema.

Ile ilikuwa siku njema. Naikumbuka vizuri kwa sababu ya asubuhi iliyofuata.

Asubuhi hiyo nilikuwa nachuja chai. Nikamsikia mume wangu anavuta kigoda, anakohoa, anasema kwa sauti ya mtu anayefungua kazi mpya: "Haya. Leo tunaanza ekseli. Misumari hii ina mikwaruzo."

"Babu, si tulimaliza jana?"

"Jana tulichonga mbao."

Hakuwa anatania. Nilichungulia dirishani nikamwona kaung'oa kwenye gari ule msumari unaong'aa, anautazama kwa upole kabisa, na kovu analolitafuta halipo, na bado analiona. Akaupiga msasa upya. Na ni yeye mwenyewe aliyekuwa amemwambia mtoto kwamba msumari ukisuguliwa kupita kiasi unakonda, gurudumu linapwaya, gari linayumba kama mlevi.

Nikaweka kichujio chini.

Haikuwa mara ya kwanza. Kabla ya likizo aliwasha msumeno wa umeme, akauacha unazunguka, akaja jikoni kuniuliza chumvi iko wapi. Alikuwa hata hataki chumvi. Mama mwenye duka hapo mkabala aliusikia unalia peke yake, na mdomo wa mama yule haujui kupumzika. Habari zikamfikia mwanangu, baba yake Chiriku, huko barabarani anakoendesha lori. Akanipigia simu.

"Mama, sema kweli. Mzee yuko sawa?"

"Yuko sawa. Alisahau tu. Nani hasahau?"

"Jumamosi ya mbio nakuja. Nikimwona hayuko sawa, karakana naifunga siku hiyo hiyo. Vifaa naviuza au navigawa, na nyinyi wawili mnahamia kwangu."

Kwake ni vyumba viwili ghorofani. Ni mwana mwema, sisemi. Lakini huko mume wangu angekaa kwenye kochi na mikono mapajani. Mikono ile sijawahi kuiona imekaa bure, hata msibani huwa inakunja karatasi. Nilijua, bila daktari kuniambia, kwamba ukiitoa mikono ile kwenye mbao, kilichobaki kichwani nacho kitafunga virago.

Basi nikajikaza. Jioni nikachukua misumari ile minne kabla haijakonda, nikaifunga kwa uzi, nikaitia kwenye kopo kuukuu la majani ya chai. Nikaenda duka la vifaa, nikaomba misumari ya aina ile ile, nikaweka minne mipya yenye makovu yake mezani pa fundi. Asubuhi akavuta kigoda.

"Haya. Leo tunaanza ekseli."

Na kesho yake vivyo hivyo. Kila jioni nilifunga minne inayong'aa, kila asubuhi minne yenye makovu ya kiwandani ilimsubiri. Alifanya kazi kwa furaha ya mtu anayeanza. Mimi nikajiona nimeweza. Nilikuwa nikimuogopa Chiriku tu, na mdomo wake.

Siku moja tunaanua nguo, akasema bila kunitazama, "Bibi, kopo la chai limejaa."

Nikajifanya sisikii.

"Nililifungua nikitaka kupika chai. Nikadhani umeanza kupika misumari."

"Chiriku..."

"Sasa kwa nini tunamficha Babu?"

"Hatumfichi babu yako. Tunamficha baba yako."

Akanyamaza. Chiriku kunyamaza, hiyo ni habari ya redioni. Akakunja shuka lote, pembe kwa pembe, ndipo akasema, "Kila siku ananifundisha kitu ambacho jana hakusema. Leo kaniambia nisibonyeze msasa, nisikilize. Kesho sijui atasema nini." Akafuta pua kwa mkono. "Mimi naweza kuanza ekseli kila siku, Bibi. Sichoki. Ila anaponiuliza naitwa nani, hapo ndipo sipendi."

Hapo ndipo nami nilipotafuta ujanja. Jina likimpotea mume wangu, nilitupa kitendawili. "Kitendawili! Anaongea hata na mswaki mdomoni." Naye, ambaye amenijibu vitendawili tangu tukiwa vijana, anadaka: "Chiriku!" Anacheka, jina limerudi, na mtu akipita anaona wazee wawili wanataniana.

Jumamosi ikafika. Usiku wa kuamkia siku hiyo Chiriku alikuwa amemrudishia Sabuni magurudumu kwa fungu moja la kopo. Lori likasimama nje, mwanangu akaingia na tabasamu na mkono wa kusalimia.

"Shikamoo, mzee."

Mume wangu akamtazama kama anavyomtazama mteja aliyekuja na vipimo vya kabati. "Marahaba, marahaba. Karibu, dereva. Mzigo wa kwenda wapi?"

Nikaingilia kati mbio mbio. "Kitendawili! Alikula mwanga wa nyumba, tukalala gizani."

"Mshumaa!" Uso ukamfunguka. Mshumaa ni mwanetu. Alipokuwa mdogo alitafuna mshumaa mzima akidhani ni peremende, na jina likamganda. "Mshumaa, mwanangu! Umenenepa!"

Wakakumbatiana. Mwanangu alicheka, lakini juu ya bega la baba yake macho yake yalikuwa kwangu.

Nikabeba mkoba wangu. Ndani nilitia kopo la chai. Sikutaka kuliacha nyumbani mtu akalifungua. Na kusema kweli, siku hizo lilikuwa kama hirizi yangu.

Mbio zilikuwa kwenye ukumbi wa shule. Njia ya mbao ilianzia juu ya meza mbili zilizopandana, ikashuka hadi karibu na mlango. Watoto walijaa kama siafu. Mwalimu wa ufundi, ambaye watoto wanamwita Bwana Filimbi kwa sababu hawezi hata kuomba chaki bila kupuliza filimbi, alipima kila gari, akalibandika namba, akalirudisha kwa mwenyewe lisubiri zamu.

Mezani kwa jirani kulikuwa na baba mmoja na kopo la mafuta ya cherehani, anayamimina kwenye magurudumu ya mwanawe.

"Mzee, karibu mafuta," akamwambia mume wangu. "Yateleze."

"Mafuta yanakamata vumbi, vumbi linakamata gurudumu," mume wangu akajibu. "Lakini wewe mimina tu, bwana. Sisi tutakusubiri kule chini."

Watu wakacheka. Mwanangu akacheka kicheko cha kweli, nikaona mabega yake yanashuka. Nami nikashusha pumzi. Nikasema moyoni, tumevuka. Nikaenda kutafuta maji ya kunywa.

Niliporudi na glasi, Sabuni alikuwa kalala chali mezani, hana hata gurudumu moja.

Mume wangu alikuwa kang'oa misumari kwa koleo lililokuwa mezani. Mfukoni alikuwa na tupa yake ndogo. Alishaipitisha kwenye misumari miwili, akiwa kainamisha kichwa na ulimi kaubana kwenye meno kama afanyavyo kazini.

"Misumari hii ina mikwaruzo," akasema.

Na kweli sasa ilikuwa nayo. Chiriku alisimama pembeni yake, mikono kaiweka mdomoni.

"Namba tisa!" Filimbi ikalia. "Namba tisa ijiandae! Mbio hizi zikiisha, ni nyinyi."

Mume wangu akainua kichwa kwa ile filimbi. Akatazama watoto, akatazama njia ya mbao, akatazama msumari alioushika. Nilimwona kabisa mtu akipotea akiwa kasimama hapo hapo.

"Hii," akasema taratibu, "hii ni ya nini?"

Mwanangu alikuwa amefika mezani. Nikatupa nilichokuwa nacho. "Kitendawili! Ndugu wanne wanafukuzana..."

"Usinisumbue, mama," mume wangu akaniambia, kwa adabu, kama unavyomwambia mwanamke usiyemjua aliyekukatiza sokoni. "Unaona nina kazi."

Nikaweka glasi mezani.

"Mama," mwanangu akasema chini chini. "Tangu lini unamtegea Baba vitendawili vya majina yetu?"

Nikafungua mkoba nikatoa kopo, kwa sababu gari lilihitaji misumari, na misumari ndiyo ilikuwa humo. Mwanangu akalichukua mkononi mwangu, akafungua kifuniko. Mafungu kwa mafungu, minne minne, kila fungu na uzi wake, yote yaking'aa sawasawa, huwezi kujua lipi la kwanza na lipi la mwisho.

"Hii nini?"

Chiriku ndiye aliyejibu.

"Ni siku, Baba. Kila fungu ni siku moja ya likizo."

Mwanangu ni mtu wa magari, anajua kazi nzuri akiiona. Akatoa fungu moja, akalitazama mwangani.

Chiriku akalichukua fungu lile kwa kitambaa, asiliguse kwa vidole. Akamsogelea babu yake, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ya chini na isiyo na haraka. Ilikuwa sauti ya babu yake mwenyewe.

"Babu. Ekseli tumeshamaliza. Sasa tunatia unga wa penseli. Kidogo. Kisha tunazungusha, tunasikiliza."

Mume wangu akamtazama. Vidole vyake vikaanza kabla ya macho kuelewa. Akashika gurudumu, akatia unga, akazungusha, akaleta karibu na sikio.

"Halisemi," akasema.

"Halisemi. Sasa tunaingiza msumari, tunaacha nafasi ya unene wa karatasi, lisisuguane na mbao."

"Karatasi iko wapi?"

"Hii hapa."

Hivyo hivyo hadi la tatu. La nne yeye mwenyewe alilipandisha bila kuambiwa. "Huyu anasindikiza," akasema, na Chiriku akaangua kicheko chenye machozi.

Filimbi ikalia. Sabuni alishinda mbio zake za kwanza, akashinda za pili, na kwenye za mwisho akapitwa kwa urefu wa kucha na gari la msichana mmoja mrefu. Ukumbi ulipiga kelele hadi vioo vikatikisika. Lile gari la mafuta lilisimama katikati ya njia kama limekumbuka kitu nyumbani. Mume wangu alipiga makofi na wenzake. "Gari la nani lile la pili?" aliniuliza. "Limetengenezwa na mtu anayejua."

Mwanangu hakutazama mbio hata moja. Alimtazama baba yake tangu mwanzo hadi mwisho.

Tulipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja karakana, mimi nyuma yake. Alichomoa waya wa msumeno wa umeme, akauzungusha kwenye kiwiko, akauweka kwenye lori. Kisha akarudi akasimama katikati ya mbao na funguo za karakana mkononi.

"Ulinidanganya, Mama."

"Nilikudanganya."

"Angekatika mkono je?"

Nikatazama chini. Alikuwa na haki.

"Leo nilikuja na nia ya kufunga," akasema. "Halafu nikaona mikono yake pale ukumbini. Mtu akiwa pembeni anamwambia kinachofuata, anaweza." Akajifuta uso kwa kiganja. "Lakini Chiriku kesho naondoka naye, shule inafunguliwa. Jumatatu nani atamwambia kinachofuata?"

"Mimi."

"Wewe unajua ekseli, Mama?"

Muda wote ule nilikuwa dirishani na mwiko, au kwenye kopo na uzi. Misumari niliijua kwa kuificha. Tupa inaanzia wapi, msasa upi unatangulia, sikujua.

Mwanangu aliziweka funguo mezani, karibu na jiliwa. "Mwisho wa mwezi napita. Nikimkuta peke yake humu, nafunga. Sitauliza tena."

Chiriku aliondoka na fungu moja la misumari. Dirishani kwenye lori alikuwa bado ananielekeza: "Usibonyeze, Bibi! Sikiliza!"

Jumatatu asubuhi sikuchuja chai. Niliweka mezani misumari minne mipya, nikakaa kwenye kigoda cha Chiriku, ambacho ni kifupi, magoti yakanifika kidevuni. Mume wangu akaingia, akavuta chake, akakohoa. Akanitazama.

"Wewe ndiye mwanafunzi mpya?"

Swali hilo lilinichoma, sitaficha. Nikalimeza.

"Kitendawili," nikasema.

"Tega."

"Amelala kitanda kimoja na fundi miaka yote, na kazi ya fundi haijui."

Akafikiri. Nilimwona anatafuta, anakwenda mbali, anarudi mikono mitupu. Dirishani jua lilikuwa limeingia hadi kwenye vumbi la mbao.

"Nimeshindwa," akasema.

"Basi nipe mji."

Akatazama huku na huku: randa ukutani, jiliwa, misumeno ya mkono iliyopangwa kwa ukubwa, lile dirisha la jikoni.

"Mji sina," akasema. "Nina karakana hii tu. Chukua."

Nikachukua. Jibu sikumwambia, na yeye hakuliuliza. Alinisogezea msumari kwa ncha ya kidole, ule upande wenye kovu ukiwa juu.

"Haya. Leo tunaanza ekseli."

"Tunaanzaje?" nikamuuliza.